Tope la Meza ya Tatu

Daktari aliinua shuka taratibu kutoka miguuni mwa mgonjwa, na mgonjwa akapiga ukelele. Hakuna mkono uliomgusa. Ilikuwa shuka tu iliyopita juu ya vidole, kitambaa chepesi kilichofuliwa hata rangi ikapotea, lakini mwanamke aliyelala pale alilia kama aliyemwagiwa maji ya moto. Inspekta, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, aligeuza uso ukutani. Alikwisha kuona maiti za kila namna na akala chakula chake cha mchana bila shida. Mtu hai anayeogopa shuka yake mwenyewe alimtia hofu, na hofu hiyo hakuwa na pa kuitua.

Kazini kwake mgonjwa huyo aliitwa Kidoti, kwa sababu ya alama ndogo nyeusi juu ya mdomo wake. Alikuwa mtaalamu wa miamba katika kampuni inayotafuta mafuta. Kazi yake ilikuwa kuyasoma mawe yaliyotolewa na mitambo chini kabisa ardhini, na kuwaambia wakubwa kama mafuta yako wapi na ni mengi kiasi gani. Alianza kwa kutapika, na kila mtu akasema ni chakula. Tumbo likatulia, miguu ikaanza kuwaka moto. Sasa nywele zake zilikuwa zinabaki kwenye mto kila alipogeuza kichwa.

Nje ya wodi daktari, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, hakuzunguka mbuyu. Ni sumu, alisema, tena amekuwa akiipata kidogo kidogo. Damu ilikwisha kupelekwa kwenye maabara kubwa ya mbali, na majibu yangefika yakimkuta mgonjwa kaburini.

“Kila sumu ina dawa yake,” alisema. “Nikimpa isiyo yake, nitakuwa nimemuua mimi. Niletee jina, Inspekta. Moyo wake umeanza kuruka mapigo. Kesho jina halitanisaidia kitu.”

Inspekta aliitikia kwa kichwa. Hakuwa na jina. Alikuwa na watu wawili tu aliowashuku, na wote wawili walikuwa wakimponyoka mkononi.

Wa kwanza alikuwa mume wa Kidoti, dereva wa basi la shule, ambaye tangu jana alikuwa amekaa kituo cha polisi akilia na kuomba aruhusiwe kumwona mkewe. Yeye ndiye aliyekuwa akipika nyumbani na kumfungia mkewe chakula cha kazini. Lakini Kidoti hakuwa mchoyo. Ofisi nzima ilikuwa inachovya katika bakuli lake, na ofisi nzima ilikuwa na afya njema na vitambi. Wa pili alikuwa mlinzi wa ghala la mawe, mzee aliyeitwa Bwana Kufuli, aliyekuwa akitega sumu ya panya katika kila pembe ya ghala. Jana Inspekta alilipekua ghala lote, akaibeba ile sumu hadi hospitali akitembea kifua mbele. Daktari aliitazama mara moja, akamwambia kuwa sumu ya panya ya aina ile humtoa mtu damu, na Kidoti hakuwa akitoka damu hata kwenye fizi. Kifua kilirudi mahali pake.

Kwenye benchi la korido alikuwepo mama yake Kidoti, ameukumbatia mfuko wa nailoni wenye vitu vya binti yake. Alimvuta Inspekta akae.

“Mwanangu, mwachieni mkwe wangu,” alisema. “Mwanamume anayemfulia mkewe mpaka nguo za ndani hawezi kumtilia sumu.”

Siku nyingine Inspekta angecheka. Alimuuliza tu kama kuna kitu ambacho Kidoti alikula peke yake, bila kumgawia mtu. Mama alitazama huku na huku kama mtu anayetaka kutoa siri ya ukoo, akaingiza mkono mfukoni na kutoa kijifuko kidogo cha plastiki kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na vigae vya jiwe la kijivu, vidogo vidogo, vya ukubwa wa kucha.

Alieleza kuwa mwaka jana alimkuta binti yake jikoni anatafuna kijiwe kama hicho. Mama alijua maana yake. Hata yeye alikula udongo alipokuwa na mimba. Alifurahi, akawapigia simu dada zake, akaanza kufuma kofia ya mtoto. Kidoti alipoiona kofia alicheka hadi akakaa sakafuni. Si mimba, mama, ni kazi, alimwambia. Wataalamu wa miamba huonja mawe kwa meno.

“Nikamuuliza ni kazi gani hiyo ya kula mawe, na mshahara juu,” mama alisema. Kisha sauti ikamkatika. “Hivi vilikuwa katika koti lake siku alipoanguka. Sikutaka vitupwe. Akipona atavitaka.”

Inspekta alikipokea kijifuko kwa ncha za vidole, akakiweka katika bahasha.

Alikuwa ameshafika nusu ya njia kuelekea ghalani ndipo jambo lilipomjia, na akalazimika kusimamisha gari kando ya barabara. Jana, alipokuwa akitafuta sumu ya panya, aliyashika mawe yale. Aliyainua moja moja kwa mikono mitupu ili achungulie chini yake. Kisha akarudi garini, na kwa mikono ile ile akala mkate.

Aliitazama mikono yake juu ya usukani. Haikuwa na alama yoyote. Aliitikisa miguu ndani ya viatu, akasikiliza kama vidole vinauma, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyoona kama vinauma. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni, wala hakuwa na nia ya kutia. Alijikaza, akawasha gari.

Ghala la mawe lilikuwa jengo refu la mabati nyuma ya ofisi za kampuni. Rafu zilipanda hadi darini, na kila rafu ilijaa visanduku vya mbao vyenye mawe ya duara, marefu, yaliyokatwa na mtambo kutoka tumboni mwa ardhi na kulazwa kwa mpangilio kama yalivyokuwa huko chini, la juu juu, la chini chini. Bwana Kufuli aliyaita magogo. Chini ya madirisha zilipangwa meza tatu ndefu za kufanyia kazi. Kulikuwa na harufu ya vumbi na mafuta ya taa.

Bwana Kufuli alifungua mlango kwa funguo nne. Alikuwa mtu ambaye hata choo cha wafanyakazi alikitia makufuli mawili, na tangu jana aliponyang’anywa sumu yake alikuwa amenuna. Inspekta alimwomba radhi kwa ajili ya sumu ya panya, na mzee akalainika kidogo. Ndipo akamuuliza habari za kutafuna mawe.

“Wote hao ni mbuzi, afande,” alisema Bwana Kufuli. “Wana darubini, wana mashine, lakini mwisho wa yote lazima jiwe liende mdomoni.”

Akaeleza alivyowasikia wakielezana. Tope na mchanga laini, vikishageuka jiwe, kwa macho ni kitu kimoja, vyote kijivu. Ukikitia kigae kwenye meno ya mbele, mchanga hukwaruza na tope huteleza. Wakishajua, hutema. Yeye ndiye aliyekuwa akifagia. Aliyewafundisha ni Mwalimu, mtaalamu mkuu wa kampuni, aliyewasomesha wote chuo kikuu kabla ya kuja nao hapa. Mwalimu, alisema, haamini darubini kama anavyoamini jino lake.

“Na Kidoti alikuwa akitafuna mawe ya meza ipi?”

“Ya tatu. Mwezi huu wote hakubanduka hapo, akiwaambia wenzake kuwa ameona mizizi ndani ya jiwe.”

“Nani mwingine alitafuna ya meza hiyo?”

“Hakuna. Mwalimu alikataza. Alisema yasiguswe na mtu mwingine mpaka Kidoti amalize.”

Inspekta aliuliza kama Mwalimu ana kawaida ya kutoa amri za namna hiyo. Mzee alikuna kichwa kwa ufunguo. Akasema hapana, hata siku moja. Katika ghala hilo kila mtu alilamba jiwe la mwenzake, hata ugomvi ulizuka kwa sababu hiyo. Alipoisikia amri ile alidhani Mwalimu anampendelea binti, akaona hayamhusu.

Inspekta alivaa glavu. Alivaa na ya pili juu ya ile ya kwanza, akaisogelea meza ya tatu akitembea kama mtu anayemsogelea mbwa asiyemjua.

Mawe yalianza kwa rangi ya kahawia, mchanga mtupu, yakinuka mafuta kwa mbali. Kisha ukafuata mkanda wa kijivu usiofika urefu wa mkono. Kisha mchanga wa kahawia tena. Ndani ya ule ukijivu aliona nyuzi nyeusi nyembamba zilizoshuka na kugawanyika. Pembeni, mahali pamoja tu, jiwe lilikuwa limemegwa megwa, na alama zake bado zilikuwa mpya. Aliinama zaidi. Mikanda ya kijivu ya visanduku vingine mezani hapo ilikuwa mikavu, haing’ai. Huu, pale ulipomegwa, ulikuwa na mng’ao hafifu, kama pale alipopita konokono.

Alirudi nyuma hatua kadhaa bila kupenda. Alimwita askari aliyekuja naye, akamwagiza akate kipande cha ule mkanda kwa uangalifu, akifunge na akipeleke maabara. Majibu yangetoka kesho. Kesho, daktari alikwisha kusema, haikuwa na kazi. Hakumweleza askari ni kwa nini, wala hakumweleza Bwana Kufuli. Alimwambia mzee tu afunge ghala kwa makufuli yote aliyonayo, na mzee akafurahi kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Chumba cha Mwalimu kilikuwa upande wa pili wa ukuta, chumba cheupe chenye meza kubwa, viti viwili na sinki la kunawia kwenye kona. Mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya upole na mvi zilizochanwa vizuri. Jana alikwenda hospitali na kulia kando ya kitanda cha Kidoti, na mama yake Kidoti alikuwa amemsifia sana kwa hilo.

“Karibu, mwanangu,” alimwambia Inspekta. “Mnaendeleaje? Yule mume amesema lolote?”

Inspekta alimjibu kuwa bado. Akasema yeye ni mbumbumbu wa mambo ya miamba, na angeshukuru kama angeelezwa Kidoti alikuwa akitafuta nini hasa. Mtu aliyezoea kufundisha hakatai ombi kama hilo. Mwalimu alichora kwa kidole juu ya vumbi la meza. Zamani isiyohesabika, alieleza, mto mkubwa ulifika baharini mahali hapa, ukachoka, ukagawanyika katika matawi kama vidole vya mkono. Hiyo ndiyo delta. Kila tawi lilimwaga mchanga wake, na baina ya matawi palikuwa na vinamasi vya tope, majani na miti. Vyote vikafukiwa, vikawa mawe. Mafuta yakapanda kutoka chini na kuingia katika mchanga, kwa kuwa mchanga una vinafasi, na tope likayazuia yasipite.

Swali lilikuwa moja. Kama mchanga ule ni wa matawi ya mto, basi kila tawi liko peke yake, limezungukwa na tope, na mafuta yake ni kibaba hapa, kibaba pale, hayastahili gharama. Lakini kama ni mchanga wa ufukweni, basi mawimbi yaliutandaza kama mkeka, ni mwamba mmoja mpana, na nchi ingekula mafuta hayo hadi wajukuu. Mwalimu alisema ni ufukwe. Alilisema hilo tangu alipokuwa kijana, akachekwa, akalishikilia. Wiki hii wageni wenye uwezo wa kuchimba walikuwa wanakuja kusikiliza.

“Na Kidoti anasemaje?”

“Kidoti anaona mto kila mahali,” alisema, akitabasamu.

Inspekta alisema amesikia ghalani kuwa Kidoti aliona mizizi katika ule mkanda wa kijivu wa meza ya tatu. Na palipo na mizizi pana nchi kavu, au kinamasi, si bahari. Tabasamu la Mwalimu lilibaki mdomoni lakini macho yakaondoka. Hiyo si mizizi, alisema, ni njia za minyoo wa baharini. Na mkanda wenyewe wala si tope, ni mchanga laini wa chini ya bahari, na Kidoti angeona hivyo kama asingekuwa na haraka ya kuwa mjuzi kuliko mwalimu wake. Na kwa bahati mbaya wageni walikuwa wametaka kumsikia Kidoti mwenyewe.

“Twende mezani ukanionyeshe,” alisema Inspekta.

“Hakuna haja.” Alijibu upesi mno, naye akalijua hilo. “Ghala lina vumbi. Utaharibu nguo zako.”

Hapo Inspekta akawa na hakika moyoni, lakini hakika ya moyoni haimponyi mgonjwa. Angemkamata mzee huyu, naye angeomba wakili, na wakili angekuja kesho. Aliifungua bahasha na kuweka mezani kile kijifuko cha plastiki, fundo likiwa bado limefungwa. Alitaka kuona tu kama macho ya Mwalimu yatakikimbia.

Hayakukikimbia. Mwalimu alikitazama kama mtu anavyotazama karanga mezani, na Inspekta akavurugika kichwa kizima. Akauliza kama vigae hivyo ni vya hapa.

“Ni vyetu. Wamezagaa navyo kila mfuko,” alisema Mwalimu. Bado alikuwa na moto wa yale mabishano. Alifungua fundo akiendelea kuongea, akasema kuwa atamwonyesha jambo ambalo hata mtoto angelielewa, akachagua kigae kimoja, akakivunja kwa kucha na kukitia kwenye meno ya mbele.

Inspekta alitaka kusema aache. Ulimi ulimganda mdomoni.

Mwalimu alitafuna, kichwa amekiinamisha upande, akisikiliza. Ilikuwa kazi aliyoifanya maisha yake yote, na mikono yake haikumwomba ruhusa. “Unasikia?” alisema. “Kinakwaruza. Mchanga.” Inspekta hakusikia chochote. Kwa mkono uliobaki Mwalimu akakigeuza kijifuko, kama ambavyo yeyote kati yao angefanya, asome jiwe limetoka kina gani. Upande wa chini palikuwa na namba ya kina, kwa kalamu nyeusi, mwandiko wa Kidoti.

Taya lake likasimama.

Nyuma ya ukuta zilisikika funguo za Bwana Kufuli. Inspekta hakuwa amefungua kinywa. Hakuwa amemwambia daktari, wala mume, wala mlinzi, wala askari wake mwenyewe kwamba jiwe lile linaua. Kwa dunia nzima namba ile ilikuwa namba tu. Alikuwepo mtu mmoja wa kuiogopa, naye alikuwa amekaa mbele yake, mdomo umejaa, uso umepauka.

Mwalimu aliinuka, kiti kikaanguka. Alilifikia sinki kwa mbio za mtu wa nusu ya umri wake, akatema, akafungulia bomba, akasukutua, akatema, akaingiza kidole kooni. Aliurudia mchezo huo hadi shati likalowa kifuani.

“Mwalimu,” Inspekta alisema alipopata sauti, “kwa nini unasukutua?”

“Vumbi.”

“Umelila vumbi hilo tangu ujana wako.”

Mwalimu alishika kingo za sinki kwa mikono miwili, akimpa kisogo. Inspekta alimweleza, bila kupandisha sauti, habari za ile shuka. Alimweleza nywele zilizobaki kwenye mto wa kitanda, kichwa kikigeuka nazo zikibaki. Alimweleza kuwa daktari ana kabati zima la dawa na hajui afungue chupa ipi, na hatajua, kwa kuwa anayelijua jina ni mmoja.

“Nimetema yote,” Mwalimu alisema, akiliambia sinki.

“Kidoti naye alikuwa akitema. Wewe ndiye uliyemfundisha.”

Mabega ya mzee yalishuka. Aligeuka, na Inspekta aliona kitu alichowahi kukiona kwa watoto waliopotelewa na mama zao sokoni. Alikuwa anaogopa bila aibu.

“Sikutaka afe,” alisema. “Nilitaka augue tu. Akose mkutano, wageni waje, waondoke. Ni mwanafunzi wangu.”

“Jina, Mwalimu.”

Aliinua kiti, akakaa, akaweka mikono mezani ambapo vumbi bado lilikuwa na mto wake na vidole vyake. Akasema. Katika maabara za zamani kulikuwa na maji mazito kupita kiasi, jiwe huelea juu yake kama kizibo. Waliyatumia kutenganisha chembe za mchanga, nzito zikizama na nyepesi zikielea. Hayakuwa na ladha wala harufu. Yaliwaua watu, yakapigwa marufuku, na kila mtu akayamwaga isipokuwa yeye aliyeficha chupa moja, kwa kuwa hakuna kilichofanya kazi ile vizuri kama hayo. Alipaka kwa brashi, akaacha yakauke, akarudia.

“Yana nini ndani?”

“Thaliamu,” alisema Mwalimu. “Mwambie daktari thaliamu. Mwambie upesi.”

Inspekta alikwisha kusimama, simu mkononi. Mlangoni alishindwa kujizuia, akageuka.

“Kile kigae. Kilikwaruza kweli?”

Mwalimu alipitisha ulimi juu ya meno yake, taratibu, kama anayehakikisha.

“Hapana,” alisema. “Ni tope. Laini kabisa. Binti amepatia.”

Inspekta alipiga simu akiwa ameegemea ukuta wa ukumbi, askari wawili waliokuwa wakingoja nje wakiingia kumlinda mzee. Daktari alilisikia jina, akaanza kuongea haraka na mtu mwingine pembeni. Makabati yalifunguliwa na kufungwa. Inspekta alisubiri, jicho kwenye mkono wake wa kulia, ule ulioshika mkate.

“Dawa yake ninayo,” daktari alisema hatimaye. “Ni unga wa buluu. Nimeuona kwenye kabati la chini, haujaisha muda.” Akavuta pumzi. “Ila ni wa mtu mmoja, Inspekta. Na huyo mmoja ataumaliza wote. Mwingine lazima uagizwe nje, na sijui utafika lini. Kuna mwingine aliyeonja?”

“Yupo.”

“Yuko kwenye hali gani?”

“Anaongea.”

“Basi niambie nifanyeje. Siwezi kuugawa ukafaa watu wawili.”

“Mpe Kidoti,” alisema Inspekta. “Wote.” Kisha, kabla daktari hajakata, akamuuliza kuhusu mtu aliyeyagusa mawe tu na kula bila kunawa. Daktari alitaka kujua ni nani huyo. Inspekta alisema ni mtu fulani tu. Daktari akasema mtu huyo aje amwone leo hii, asingoje miguu ianze kuuma, na simu ikakatika.

Alibaki pale ukumbini hadi pumzi zikamtulia. Alifurahi kwa ajili ya mama wa kwenye benchi, furaha ya kweli, na chini ya furaha hiyo hofu ilikuwa haijasogea hata kidogo. Kisha akafungua mlango.

Mwalimu alikuwa pale pale, katikati ya askari wawili. Alikuwa amevua viatu na soksi. Miguu yake miembamba ilikuwa juu ya sakafu ya saruji, naye alikuwa akiviminya vidole kimoja baada ya kingine.

“Wanayo dawa?” aliuliza.

“Wanayo,” alisema Inspekta.

Mzee alifumba macho, akashusha pumzi ndefu, akamshukuru.